Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: mwaka wa waya zilizogeuzwa

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapima matetemeko,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Naanza na kosa, kwa sababu Katibu ameshaniambia nisipolisema mwenyewe atalisema yeye kwenye Mengineyo. Ile ramani ya mkazo wa ganda la dunia, yaani nguvu zinazobana na kuvuta miamba, tuliyowasambazia katikati ya mwaka ilikuwa na dosari upande wa kusini. Tuliionyesha kanda ya Ziwa Rukwa kana kwamba miamba yake inapishana ubavu kwa ubavu. Sababu ni mtambo wetu mmoja wa kupima mitetemo. Siku ya kubadilisha betri, waya zilirudishwa kinyume, na aliyeshika bisibisi siku hiyo ni mimi. Toka hapo ardhi ikipanda, mtambo unaandika imeshuka. Michoro ilikuwa safi, saa ilikuwa sahihi, hakuna aliyeshtuka. Tuligundua baada ya tetemeko kubwa la mbali kurekodiwa na mitambo yote: wimbi la kwanza lilianza kwa kupanda kila mahali, isipokuwa pale kwetu.

Wanachama wapya wameniuliza inakuwaje kupanda au kushuka tu kuharibu ramani nzima. Mwamba unapoteleza kwenye ufa, haupigi kelele sawasawa pande zote. Kuna pande mbili unazozisukuma na pande mbili unazozivuta. Mtambo ulio upande wa kusukumwa huanza kwa kupanda, ulio upande wa kuvutwa huanza kwa kushuka. Ukikusanya majibu hayo kutoka mitambo iliyolizunguka tetemeko, unachora ule mpira wa rangi mbili mnaouona kwenye ramani zetu, na mpira huo unakwambia kama ardhi ilitanuka upande mmoja ukazama, au ilikandamizwa, au ilipishana. Tarehe na ukubwa wa tetemeko ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mwelekeo, na ndiyo niliyoiharibu.

Hata mpira ukiwa sahihi, mmoja hautoshi. Kwanza, kila mpira una nyufa mbili zinazowezekana, na wenyewe hausemi ipi ndiyo iliyoteleza. Ni kama shahidi anayeapa kwamba mwizi ni mmoja wa pacha wale wawili. Pili, mwanajiofizikia Dan McKenzie alishaonyesha mwaka 1969 kwamba miamba hupenda kuteleza kwenye nyufa za kale, hata zikiwa hazikukaa vizuri kwa mkazo wa leo, kwa hiyo mwelekeo wa mkandamizo unaosomwa kwenye tetemeko moja unaweza kupishana sana na mkazo wenyewe. Dawa yake ni kuwaita mashahidi wengi kutoka eneo moja, wenye nyufa za mielekeo tofauti, kisha kutafuta mkazo mmoja unaoweza kuwaelezea wote. Mradi wa Ramani ya Mkazo ya Dunia, ulioanza mwaka 1986, unalijua hilo: takwimu hupangwa madaraja A hadi E, na tetemeko moja peke yake halivuki daraja C hata likirekodiwa vizuri namna gani. Daraja A linataka kundi.

Rukwa ndiko somo hili linakolipa. Kwa miaka mingi walikuwapo wataalamu walioamini kwamba bonde lile linafunguka kuelekea kaskazini-magharibi, kwa kupishana, kwa kuwa kingo zake zimefuata miamba ya kale ya Ubendi ambayo imelala hivyo hivyo. Ukitazama ramani kwa macho, unakubali. Lakini matetemeko yaliyopimwa vizuri yanasema vingine: mengi ni ya kutanuka, na mvutano unaelekea karibu mashariki–magharibi, ukikata bonde badala ya kulifuata. Miamba ya kale imechagua mahali pa kupasukia. Mkazo wa leo ndio unaoamua panapasukaje. Sasa mnaona kwa nini kosa langu liliniuma. Ramani yetu iliwarudishia ushindi watu wa hoja ile ya zamani, na mwanachama mmoja wa Mbeya alikuwa ameshanipigia simu kunipongeza. Kumbukeni pia kwamba huko ndiko lilikotokea tetemeko la 13 Desemba 1910, la kipimo cha 7.4, ambalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Si mahali pa kukosea.

Kikao chetu kilichojaza ukumbi kuliko vyote kilihusu Gelai, karibu na Ziwa Natron. Julai 2007 ardhi ilitikisika kwa wiki kadhaa, tetemeko kubwa likiwa la 5.9 tarehe 17, na hata Nairobi watu walitoka maofisini. Picha za rada kutoka angani zilionyesha kwamba magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imejipenyeza chini kwa chini kama ukuta uliosimama, ikaitanua miamba. Septemba hiyo hiyo mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, ulio jirani, ukalipuka kwa nguvu. Lililotushangaza wengi ni kwamba mitetemo yote ile ikijumlishwa inaelezea sehemu ndogo tu ya ardhi iliyosogea. Sehemu kubwa ilisogea kimya kimya. Anayetumia matetemeko peke yake kukadiria bonde linafunguka kwa kasi gani atapunja. Matetemeko yanakupa mwelekeo wa mkazo. Kasi, milimita chache kwa mwaka, waulize watu wa GPS, wanaopima mwendo wa ardhi kwa setilaiti.

Kagera imetusumbua zaidi. Tetemeko la 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, kipimo cha 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba. Sekondari ya Ihungo ilibidi ijengwe upya. Wajumbe waliotoka huko waliniambia walisaka ufa mashambani hawakuuona. Wasingeuona. Lilianzia kina cha kilomita 40 hivi, na kwa ukubwa ule mpasuko haufiki juu. Kina hicho ni habari yenyewe: katika nchi nyingi miamba ya chini namna hiyo ina joto, inajinyoosha polepole bila kukatika. Kwetu, kwenye kingo za kraton ya Tanzania, yaani kile kipande cha kale na kigumu cha bara, ganda ni la baridi na gumu, nalo linakatika. Kusini mwa Ziwa Manyara pia kumerekodiwa makundi ya mitetemo kwenye ganda la chini. Kwa hiyo msemo wa "kwetu hakuna bonde la ufa, hatuna wasiwasi" naomba tuuache.

Waandishi wa habari wameendelea kutuuliza lini litatokea jingine. Hatutabiri. Kamati imekubaliana jibu liwe hilo hilo, fupi, na asitoe jingine mjumbe yeyote.

Uhai wa chama ni mzuri. Mweka Hazina atasoma hesabu, sitamwingilia, ila wenye malimbikizo ya ada wanajijua. Vijana wa kitengo cha usomaji wa mawimbi wamerudia kusoma rekodi zote za mtambo ule tangu siku ya bisibisi, wakageuza alama moja moja kwa mkono, jioni baada ya kazi. Ramani iliyosahihishwa iko mezani hapo mlangoni. Ile ya kwanza ichaneni. Kuanzia sasa mtambo ukifunguliwa kwa lolote, hausomwi mpaka ulinganishwe na tetemeko la mbali.

Limebaki la uamuzi. Fedha zilizopo zinatosha kituo kimoja kipya, na Kamati imegawanyika. Wapo wanaotaka Rukwa, na sababu mmezisikia. Mimi nataka Mafia. Tetemeko la 12 Agosti 2020, saa 2 usiku na dakika kadhaa, lilitikisa Dar es Salaam likitokea baharini. Mitambo yetu yote iko magharibi yake. Huwezi kuchora mpira kwa kuutazama upande mmoja, na orodha ya kimataifa ya mipira hiyo, inayoanzia mwaka 1976, hushughulika zaidi na ya kipimo cha 5 kwenda juu, kwa hiyo madogo ya baharini, yaliyo mengi, yanapita bila mwelekeo. Tangu mitetemo ya kisiwa cha Mayotte, kule Komoro, ilipoanza Mei 2018, na volkano mpya ikazaliwa chini ya bahari, hakuna anayeweza kusema upande ule umelala.

Wa Rukwa wana hoja nzuri na watapewa dakika 10. Kisha tutapiga kura kwa kunyoosha mikono, na safari hii waya ataunganisha mtu mwingine.