Mwalimu hawezi kuja kutia sahihi: barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya malipo ya uzeeni

Mheshimiwa,

Salaam kutoka Likoni. Nakuandikia kuhusu mwalimu wangu wa darasa la tatu, aliyesomesha Kinango hadi akastaafu na miaka 60. Tumeshamzika. Jina lake silitaji hapa kwa ajili ya familia. Mnalo kwenye faili.

Kinango mvua ikikosa, mtoto huanzia silangani, bwawa la maji ya mvua, na kidumu cha lita 5, ndipo aende shule. Walimu wengine walitungoja mlangoni na fimbo. Yeye alichelewesha hesabu hadi saa nne, ili wa silangani wasiikose. Tulijumlisha kwa kokwa za embe. Vipande vya chaki alivitia kwenye kopo la Kimbo, hata vile visivyoshikika. Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, mimi nilikuwa nimeshamaliza, lakini twajua sote alivyopita boma kwa boma akiwadai wazee wasichana waliobakishwa nyumbani. Mmoja wao sasa ni muuguzi hapa Mombasa. Ndiye aliyekuwa naye usiku wa mwisho.

Alipostaafu alijaza fomu ya malipo ya uzeeni, akaambiwa asubiri. Halafu akaambiwa sahihi yake haifanani na ya zamani. Mtu sukari imemtia ganzi vidoleni, ifanane vipi? Alikwenda Nairobi mara tatu kwa nauli ya kukopa, mara moja kwa treni ya Miritini. Alirudi mikono mitupu, akisifu viti. (Ndivyo alivyokuwa.) Miaka minne ikapita hivyo, akafa.

Miezi miwili baada ya matanga simu yake ikalia. Mama, mjane wake, akapokea. Watu wa ofisi yenu wakasema mwalimu aje mwenyewe kutia sahihi.

Alipowaeleza, wakamtaka cheti cha ndoa. Mheshimiwa, hawa walioana kimila, wazee wa koo mbili wakanywa kadzama ya mnazi, basi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa hizo, lakini cheti hakiji bila kusajili, na kusajili kunawataka mume na mke wafike wote wawili. Mume atafikaje?

Chifu ameandika barua. Wazee walioinywa ile kadzama wamesalia wawili, na wako tayari kuapa, ila mmoja hatembei tena. Naomba barua hiyo na kiapo chao vipokewe hapa Mombasa, na afisa mwenye mamlaka ya kulimaliza faili, si wa kulituma mbele. Ibara ya 47 ya Katiba inatupa haki ya kuhudumiwa haraka, na miaka minne si haraka kwa hesabu yoyote, hata ya kokwa.

Simu ya marehemu bado iko hewani. Mama huichaji kila jioni kwa jirani mwenye sola. Mkipiga, mwiteni yeye kwa jina lake.

Mwanafunzi wake,
Likoni, Mombasa