Kikao cha ukoo kuhusu damu kuganda: Jumamosi saa 4

Habari zenu ndugu, na wazee wetu shikamooni. Kikao ni Jumamosi hii saa 4:00 asubuhi kwa simu ya video. Kiungo nitakituma Ijumaa usiku.

Dada yetu ameniruhusu niwaambie: vipimo vimeonyesha ana faktori V Leiden, hali ya kurithi inayofanya damu igande kwa urahisi mishipani. Mzazi mwenye nakala moja ya jeni hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa 50% kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Wengi walio nayo hawapati donge maisha yao yote, kwa hiyo tusitishane.

Kabla ya kikao:
1. Ulizieni nani aliwahi kuvimba mguu mmoja ghafla au kupata donge mapafuni, na alikuwa na umri gani. Hata wa zamani walioambiwa ni uchovu tu.
2. Wajawazito, wanaosubiri upasuaji na wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, zungumzeni na daktari sasa, msingoje Jumamosi.

Nijibuni hapa "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi jioni. Wajomba, nanyi pia!