Barua kwa mwanangu: Milton usikisubiri

Dar es Salaam, 8 Oktoba 2024

Mwanangu mpenzi, hamjambo huko St. Petersburg, Florida? Mjukuu wangu hajambo? Huku Kigamboni sisi wazima ila usingizi sina, tangu jana waliposema hicho kimbunga Milton kimeshafika daraja la 5, lile la juu kabisa, upepo wa karibu kilomita 290 kwa saa, na juzi tu kilikuwa bado kidogo, jamani. Wanasema maji ya Ghuba ya Mexico yana joto mno ndo yanakipa nguvu.

Najua umechoka mama. Kile kimbunga kingine, Helene, hata wiki mbili hazijaisha, nimeona kwenye video ule mstari wa tope ukutani umefika usawa wa swichi, na godoro la mtoto liko nje barabarani pamoja na makochi ya majirani, lundo zima halijazolewa, sasa upepo ukizikuta zile mbao pale nje si zitaruka kama mishale? Na Helene hakikutua kwenu! Kilitua kule juu Big Bend, pwani ya kaskazini ya Florida, usiku wa tarehe 26 Septemba, kwenu kilipita mbali baharini, na bado maji yakaingia mpaka sebuleni. Hiki wanasema kinakuja upande wenu moja kwa moja.

Jana ukanijibu eti mama, hata kimbunga Hidaya mwezi wa 5 huko kwetu mliogopa bure, boti za Zanzibar zikasimama halafu kikafifia pale kisiwani Mafia. Ndiyo, kilififia, tukamshukuru Mungu, lakini hakuna aliyejua kitafifia, na tuliokaa ndani hatukupoteza kitu. Nyumba yako ya matofali labda itauhimili upepo, ila bahari ikipanda mita 3 au 4 utakimbilia wapi na mtoto mgongoni?

Amri ya kuhama imeshatoka, ondoka leo leo. Najua foleni ni ndefu na sheli nyingine mafuta yameisha, ndo maana nasema usingoje kesho. Beba pasipoti, cheti cha mtoto, dawa zake za pumu zote hata iliyobaki nusu, maji ya kunywa, pawabanki. Tivii iache. Habari za bosi na mshahara tutaongea baadaye, hela ya hoteli kaka yako ameshasema atachangia.

Mkiwa njiani nitumie ujumbe kila mnaposimama, na mkifika nipigie hata kama huku ni saa 9 usiku, bando ninalo.

Mama yako