Baba Zuhura, weka kando zile dawa za maumivu

Mwanza, Jumapili jioni

Swahiba yangu Baba Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, Mama Halima anakusalimu sana, anasema zile nazi zilifika zote salama. Najua nimenyamaza tangu Ramadhani. Niwie radhi, sababu yenyewe utaiona hapa chini.

Rajabu alipita juzi akitokea kwenu. Kaniambia unachechemea, kidole gumba cha mguu, na kila kikikushika unamtuma mtoto dukani kununua diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Baba Zuhura, sikulala. Hicho kidole nakijua.

Changu kilianza usiku wa kumi na saba wa Ramadhani. Nililala mzima, saa nane nikaamshwa na maumivu ambayo hata shuka likigusa ni kama moto. Kimevimba, chekundu, kinang'aa. Nikamkumbuka Mzee Kibwana alivyokatwa mguu kwa ajili ya sukari, nikalia. Asubuhi jirani akasema ni baridi ya ziwa. Kijana wa duka la dawa akanipa diklofenaki, wala hakuniuliza natumia dawa gani nyingine. Siku tano nikapona. Baada ya Idi kikarudi, nikanunua tena.

Nilipokwenda kliniki, presha ilikuwa 180/105 na kipimo cha figo kimeharibika. Daktari akaniambia ni jongo, asidi ya yuriki imezidi kwenye damu ikaganda chembechembe ndani ya kiungo. Lakini kilichomtia hofu si kidole, ni vile vidonge. Diklofenaki inapandisha presha na inapunguza damu inayofika kwenye figo, na figo za mtu mwenye sukari na presha tayari zimechoka. Haya magonjwa matatu, ndugu yangu, yanaishi nyumba moja kama wake wenza: ukimtuliza huyu, yule ananuna. Hata prednisoloni, ambayo inatuliza jongo vizuri, ingeirusha sukari yangu juu. Akanipa kolichisini, dawa nyingine ya kutuliza jongo, kwa kipimo kidogo.

Sasa sikiliza hili. Kile kidonge changu cha presha cha kukojoza, haidroklorothiazaidi, nilichokimeza miaka tisa, kumbe kinaifanya figo iizuie ile asidi isitoke. Na mimi nikafunga mwezi mzima juu yake, maji kidogo, bila kumuuliza mtu. Daktari akakitoa, akaniwekea losatani, ambayo inashusha presha na inasaidia kuitoa asidi kidogo. Amlodipini, kidonge changu kingine cha presha, akaniachia. Lakini usikiache chako kwa kusoma barua yangu! Presha ikikurukia huko nitajilaumu hadi kaburini.

Ile asidi yangu ilikuwa mikromoli 540 kwa lita, inatakiwa ishuke chini ya 360. Natumia alopurinoli ya kuishusha, tulianza na miligramu 100 na anaipandisha polepole. Mwezi wa pili jongo likanishika tena, nikataka kuitupa. Daktari akasema miezi ya mwanzo ndivyo ilivyo, usiache. Kitu kimoja tu alichosisitiza: nikitokwa na vipele mwilini, niache siku hiyo hiyo na nikimbilie hospitali. Leo nimefika 390. Natembea hadi msikitini.

Maini, utumbo na supu ya mifupa nimeacha bila kinyongo. Dagaa ndiyo msiba. Kuishi Mwanza bila dagaa, we acha tu. Soda nayo basi, ile sukari yake inaongeza asidi pia, kwa hiyo inatupiga mara mbili. Maharage watu watakukataza. Daktari wangu amesema nile, mchicha nile.

Ombi langu ni moja, nalirudia: hizo za maumivu usizinunue tena. Chukua dawa zako zote, za sukari, za presha, za dukani, hata zile za mizizi za mjomba wako, utie kwenye mfuko mmoja, umwagie daktari mezani. Wangu asingejua lolote kama mke wangu asingebeba mfuko.

Niambie, unameza ipi ya presha? Soma kwenye pakiti uninakilie jina. Figo ulipima lini? Sukari inasomaje asubuhi? Na hicho kidole kina kidonda au mchubuko? Una homa? Kama ndiyo, usingoje jongo wala barua, nenda leo, kwa sisi wa sukari huenda ni usaha unaotambaa ndani. Mama Zuhura anajua, au umemficha kama kawaida yako? Na Zuhura, kashapata kazi?

Rajabu anarudi huku mwisho wa mwezi. Mpe jibu, na majina ya dawa.

Nduguyo,
Baba Halima