Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Serikali Mtandao: Taratibu za Serikali ziandikwe ili ziweze kutafutika

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: OMBI LA KUANZISHA DAFTARI LA TARATIBU ZA HUDUMA ZA UMMA KWA TEKNOLOJIA YA WAVUTI SEMANTIKI

Tangu Wakala ya Serikali Mtandao ilipoanza kazi mwaka 2012, na hasa baada ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 kuipa hadhi ya Mamlaka, huduma nyingi zimehama kutoka dirishani kwenda mtandaoni. Leo mtu husajili jina la biashara katika mfumo wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), huomba TIN, yaani namba ya mlipakodi, kwa mamlaka ya mapato, TRA, hushughulikia leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa Tausi na kulipia kwa kontrol namba ya GePG, mfumo wa malipo ya Serikali, mara nyingi bila kunyanyuka alipokaa. Kazi hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, kabla ya yote hayo ipo hatua ambayo bado ni nzito, nayo ni kujua ni taratibu zipi zinamhusu mtu, ipi inatangulia ipi, na kila moja inadai nini. Maarifa hayo yametawanyika katika mikataba ya huduma kwa mteja, miongozo ya PDF, mabango ya ukutani na vichwa vya watumishi wazoefu. Ombi langu ni kwamba Mamlaka yako iyakusanye na kuyaandika upya kama data yenye uhusiano unaoeleweka na mashine, ili utaratibu wowote uweze kutafutwa na kupatikana kwa kile unachodai na kile unachotoa.

Nichukue mfano wa mtu anayesaga unga lishe Morogoro na anayetaka bidhaa yake iingie madukani. Anahitaji jina la biashara, TIN, leseni ya biashara, usajili wa jengo la chakula kwa shirika la viwango, TBS, kisha leseni ya kutumia alama ya ubora. Na akiwa mjasiriamali mdogo, barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, inaweza kumpatia unafuu wa gharama. Kila taasisi katika orodha hiyo ina tovuti yake, na kila tovuti inaeleza vizuri kipande chake. Lakini hakuna mahali ambapo mtu huyu anaweza kusema, “Nina namba ya NIDA na mashine ya kusaga, nataka alama ya ubora,” akajibiwa kwa mfululizo wa hatua. Tovuti humtaka ajue kwanza taasisi inayohusika, kama abiria anayejua kituo anachoshukia lakini anaulizwa jina la mwenye daladala.

Teknolojia ninayoipendekeza si ngeni wala haiko katika majaribio. Wazo la wavuti semantiki, yaani wavuti ambao maana ya data yake inaeleweka na mashine, lilifika kwa wasomaji wengi mwezi Mei 2001, katika makala ya Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila, ingawa kiwango chake cha msingi, RDF, kilikuwa kimepitishwa na W3C, shirika la kimataifa la viwango vya wavuti, tangu mwaka 1999. Ndani ya RDF kila taarifa huandikwa kwa sehemu tatu: kitu, uhusiano, na kitu kingine. “Leseni ya biashara” – “inahitaji” – “TIN.” “Usajili wa mlipakodi” – “hutoa” – “TIN.” Kila kitu hupewa anwani ya kudumu mtandaoni, kwa hiyo TIN inayotajwa na halmashauri na TIN inayotajwa na TRA zinatambulika kuwa ni kitu kimoja hata kama kila ofisi inaiandika kwa namna yake. Lugha ya kuuliza, SPARQL, iliyopitishwa mwaka 2008, humwezesha mtu au programu kufuata nyuzi hizo kuanzia mwisho kurudi mwanzo: alama ya ubora inadai nini, kinachodaiwa kinatolewa na utaratibu upi, na utaratibu huo nao unadai nini, mpaka tufike kwenye kile ambacho mwombaji tayari anacho.

Zaidi ya nyuzi hizo kuna ontolojia, yaani maelezo rasmi ya aina za vitu na jinsi zinavyohusiana. Ontolojia ikisema kwamba kusaga unga lishe ni aina ya uchakataji wa nafaka, na uchakataji wa nafaka ni aina ya uzalishaji wa chakula, basi kila sharti linalohusu uzalishaji wa chakula litamfikia msagaji wa Morogoro hata kama hakuna ukurasa wowote uliowahi kutaja maneno “unga lishe.” Utafutaji wa maneno peke yake hauwezi kufanya hivyo. Halikadhalika, kiwango kiitwacho SKOS, cha mwaka 2009, huruhusu kitu kimoja kiwe na jina rasmi pamoja na majina ya mtaani, na kwa lugha zaidi ya moja. Anayeandika “TIN namba” na anayeandika “Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi” wote watafika mahali pamoja, na ofisa anayesoma sheria kwa Kiingereza atafika hapo hapo.

Kuna faida moja ambayo naona inatosha peke yake kuhalalisha gharama, nayo inahusu halmashauri. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Utaratibu wa kutoa leseni ya biashara ya Kundi B, ambayo hutolewa na halmashauri, una mifupa ileile kila mahali, kwa kuwa unatokana na Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 na marekebisho yake, lakini ushuru na masharti mengine hutofautiana kwa sheria ndogo za kila eneo. Tukiandika kurasa 184 tutakuwa na kurasa 184 za kusahihisha kila sheria inapobadilika, na wote tunajua zitakazosahihishwa ni chache. Profesa Thomas Malone na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walikabili tatizo la namna hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipoanza kukusanya maelezo ya maelfu ya shughuli za biashara katika hazina moja. Walizipanga kwa njia mbili kwa wakati mmoja: shughuli na sehemu zake, na shughuli na aina zake, na kila aina ikawa inarithi maelezo ya ile iliyo juu yake. Kwa mpango huo, leseni ya Kundi B ingeelezwa mara moja tu kitaifa, na halmashauri ya Kilosa au Mbozi ingeandika pale tu inapotofautiana. Ofisa wa wizara naye angeweza kuuliza swali ambalo leo linahitaji kikosi cha kwenda mikoani: ni halmashauri zipi zinadai nyaraka ambayo sheria mama haiitaji?

Mabadiliko ya taasisi nayo yana somo lake. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamisha udhibiti wa chakula na vipodozi kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwenda TBS, na TFDA ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kisheria jambo hilo liliisha siku moja. Kwenye miongozo, vipeperushi na fomu zilizosambaa nchini, jina la zamani halingeweza kufutika siku hiyo hiyo, kwa sababu kila nakala ilikuwa imeliandika jina lenyewe. Kama taratibu zingekuwa zimeandikwa kwa uhusiano, “usajili wa jengo la chakula” – “husimamiwa na” – TFDA, mstari mmoja ungebadilishwa pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, na kila tovuti inayochota maelezo kutoka hapo ingebadilika nayo.

Najua swali litakaloulizwa na wataalamu wako: je, hatuna GovESB tayari? Tunayo, na inafanya kazi nyingine. Mfumo huo hupitisha taarifa kati ya mifumo ya taasisi. Haumwambii mtu wala programu kwamba utaratibu huu unautangulia ule, au kwamba kati ya hati mbili mojawapo inatosha. Vilevile michoro ya BPMN, ambayo wachambuzi wa mifumo huitumia kuonyesha mtiririko wa kazi ndani ya taasisi, ni mizuri kwa kusomwa na macho, lakini mchoro unaokaa kwenye faili la ripoti ya mshauri hautafutiki. Naomba michoro hiyo isitupwe. Iunganishwe na daftari ninalolisema, ili kila kisanduku kiwe na anwani na aina yake.

Lazima pia niseme wazi kwamba historia ya teknolojia hii ina matumaini yaliyozidi kiasi. Mwaka 2004 iliwasilishwa kwa W3C lugha iitwayo OWL-S, iliyokusudiwa kueleza huduma za mtandaoni kwa kile zinachopokea, kile zinachotoa, masharti yanayotangulia na mabadiliko yanayofuata. Fikra hiyo ya mambo manne ni nzuri na nimeitegemea katika barua hii. Lakini waanzilishi walitaraji kwamba mashine zingegundua huduma na kuziunganisha zenyewe bila mtu, na maelezo yaliyohitajika yakawa mazito kiasi kwamba ni wachache waliojisumbua kuyaandika. Mimi siombi mashine imwombee mwananchi leseni. Naomba imwonyeshe njia kwa usahihi, na pale isipopata jibu kamili imwonyeshe lililo karibu na kumweleza sharti gani halijatimia.

Onyo la pili linatoka kwa wanasayansi. Mwaka 2007 vyuo vikuu vya Manchester na Southampton vilizindua myExperiment, hazina ambamo watafiti huweka mitiririko yao ya kazi, yaani hatua za uchambuzi zinazoendeshwa na kompyuta, ili wengine waitafute na kuitumia tena. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya mitiririko iliyojaribiwa kutoka hazina hiyo ilishindwa kuendeshwa au kutoa matokeo yaleyale, na sababu kubwa ilikuwa kwamba huduma za nje ilizozitegemea zilikuwa zimebadilika au kutoweka. Hazina ilikuwa imara. Kilichochakaa ni kilichomo. Daftari letu litapatwa na hayo hayo endapo litajengwa kwa fedha za mradi na kuachwa bila mwenyewe. Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba kila utaratibu ulazimike kuwa na taasisi inayowajibika, kifungu cha sheria unachotokana nacho na tarehe ya mapitio yajayo, na kwamba ukaguzi huo ufanywe na mashine kwa kutumia SHACL, kiwango cha mwaka 2017 kinachopima kama data imetimiza masharti iliyowekewa. Maelezo yasiyotimiza yasichapishwe. Yaliyopitwa na tarehe yaonyeshwe kwa wasomaji kuwa yamepitwa, hata kama taasisi husika itaona haya.

Kuhusu msamiati wa kuanzia, hatuna haja ya kubuni upya. Umoja wa Ulaya una msamiati wa msingi wa huduma za umma, uitwao CPSV-AP, wenye nafasi za ushahidi unaodaiwa, zao la huduma, gharama, njia ya kuifikia, kanuni inayoiongoza na taasisi yenye mamlaka. Unaweza kuchukuliwa na kuongezewa yanayotuhusu, kwa mfano barua ya serikali ya mtaa, ambayo kwetu ni ushahidi wa makazi unaodaiwa karibu kila ofisi. Maelezo ya hatua yaliyokusanywa na mpango wa eRegulations wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, ambao umefanya kazi hapa na kwa majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni malighafi nzuri. Suala la faragha halipaswi kutukwamisha, kwa kuwa maelezo ya utaratibu hayabebi taarifa za mtu. Kumbukumbu za maswali ya watumiaji ndizo zitakazohitaji kulindwa kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ninachokiomba kwa sasa ni kidogo. Mamlaka yako iteue sekta moja, na nashauri iwe biashara ya chakula kwa kuwa inagusa taasisi nyingi. Iunde timu ndogo ya mtaalamu wa data, mwanasheria na ofisa wa masijala (huyu wa mwisho asisahauliwe, maana ndiye anayejua kinachodaiwa kweli dirishani). Ichapishe data yote kwa uwazi, ikiwa na mahali pa kuulizia kwa SPARQL na faili la kupakua, ili vyuo, waandishi wa programu na magazeti waitumie bila kuomba kibali. Na iweke katika viwango vyake kwamba mradi wowote wa TEHAMA unaohusu huduma kwa wananchi ukabidhi maelezo ya taratibu zake katika muundo huo kabla ya kuanza kutumika. Sharti hilo la mwisho ndilo litakalolifanya daftari liendelee kujaa bila kutafuta fedha mpya kila mwaka.

Niko tayari kuwasilisha rasimu ya maelezo ya taratibu nilizozitaja katika mfano wa unga lishe, ili wataalamu wako waikosoe na kuirekebisha, na ningefurahi zaidi kama ukosoaji huo ungefanyika hadharani, wenzetu wa BRELA, TRA, TBS, SIDO na halmashauri wakiwepo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchambuzi wa mifumo ya taarifa,
Morogoro