Mbinga wanamenya kahawa kijijini, sisi korosho tunasubiri nini?

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa saba. Mi ni mkulima wa korosho huku Newala. Nilienda Mbinga kumwona dada yangu aliyeolewa Umatengoni, baridi ya kule sio mchezo, nikawakuta kwenye mavuno ya kahawa na mimi nikapewa ndoo. Nikachuma kama ninavyookota korosho, chochote kinachokuja mkononi. Shemeji akaimwaga ndoo yangu kwenye turubai akaanza kutoa moja moja zile za kijani, akaniambia shemeji, hapa ni nyekundu tupu.

Jioni ileile tukapeleka kwenye mtambo wa kikundi, wenyewe wanauita CPU, yaani mtambo wa pamoja wa kumenyea kahawa. Kahawa inamwagwa kwenye maji kwanza, nyepesi zinaelea zinaenguliwa, nzito zinazama ndo zinaingia kwenye mashine kumenywa. Halafu zinalazwa mpaka ule utelezi uachie, zinaoshwa, zinaanikwa kwenye vichanja vya wavu na kina mama wamezunguka wanachambua zenye kasoro. Nilishika iliyokauka, ganda jembamba kama karatasi, ukiitikisa inalia. Hiyo ndo wanauza, wameitengeneza wenyewe.

Shemeji alinieleza kahawa mbivu haingoji, ukiilaza hivihivi inachacha na ladha imekufa, ndo maana mashine lazima iwe karibu na shamba. Nikarudi njia nzima Tunduru mpaka Masasi nawaza, kumbe korosho yetu inatuponza kwa sababu ni vumilivu. Inakaa kwenye gunia miezi, basi tunaipeleka ghalani, inapigwa mnada, inapakiwa melini na ganda lake ikabanguliwe India na Vietnam. Na stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuweka korosho ghalani na kupewa risiti mpaka ziuzwe, tunayo tangu msimu wa 2007/2008, watafiti wa korosho wapo kituo cha Naliendele hapohapo Mtwara, viwanda vilijengwa tangu miaka ya 1970 vingi vikaishia kuwa maghala!

Sisemi ni kazi rahisi jamani. Mama yangu anabangua za kuuza stendi, anazichoma motoni kwanza, mafuta ya ganda yamemla vidole mpaka ncha zimekuwa nyeusi na ngozi inabanduka, halafu nyingi zinavunjika na vipande bei yake ni ya chini. Kwa hiyo nataka kila chama cha msingi cha ushirika kiwe na banda lake la kubangulia, boila ndogo ya kuzipiga mvuke, mashine za kukatia, tanuri la kukaushia na glavu za kutosha, hata tukianza na sehemu ndogo tu ya mzigo na nyingine iende mnadani kama kawaida.

Nililisema hili kwenye mkutano wa chama chetu nikajibiwa tusubiri mwekezaji mkubwa. Nitalisema tena mkutano ujao, na nawaomba wenzangu wa Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa mliibue kwenye vyama vyenu kabla minada ya mwezi wa kumi haijaanza.

Mkulima wa korosho, Newala