Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi: Maonyesho ya Picha za Mbao za Japani, Enzi ya Meiji

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Mgeni rasmi, hizi za ukutani ni nakala tu za picha zilizochapwa kwa mbao za kuchonga, lakini tumezipenda mno. Zinaonyesha Japani inabadilika mbio mbio, yaani 1859 Yokohama inafunguliwa kwa meli za wageni, wachoraji kama Sadahide wanaanza kuchora Wazungu na nguo zao, 1868 inaingia serikali ya mfalme Meiji na mji wa Edo unaitwa Tokyo, halafu 1872 tayari treni inatoka Shimbashi, hapo Tokyo, kwenda Yokohama! Wengine waliichora treni hata kabla reli haijafunguliwa, ndo maana kuna picha zina vichwa vya treni vya ajabu ajabu, na watu walinunua kwa sababu walikuwa na hamu ya kujua nini kinakuja.

Huo wekundu mkali ni rangi za viwandani kutoka Ulaya. Wapo wanaosema zinaumiza macho, sisi tunaona zinafaa kabisa, enzi yenyewe ilikuwa na kelele.

Ila tunaomba usimame zaidi kwenye picha za mchoraji Kobayashi Kiyochika. Baba yake alikuwa mtumishi mdogo wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa kabla ya Meiji, utawala huo ukaanguka na familia ikapoteza nafasi yake, kwa hiyo huyu mabadiliko yalimgusa nyumbani kwao. Kati ya 1876 na 1881 akachora Tokyo ya usiku, ya mvua, ya taa za gesi. Cheki hiyo stesheni ya Shimbashi ya 1881, watu na miavuli yao, mwanga umelala chini kwenye maji, hakuna anayeshangilia na hakuna anayelia, wanaenda zao tu. Kwetu sisi hiyo ndo picha ya kweli kuliko zote.

Na siyo kazi ya mtu mmoja, mgeni rasmi. Mchoraji anachora, fundi anachonga ubao wa mti wa cheri, mwingine anachapa, kila rangi na ubao wake, na mchapishaji ndo anatoa hela.

Sisi pia tumeanza kuchonga ila patasi zetu ni butu na mbao tunaokota. Tunaomba utusaidie patasi ndogo za kuchongea, mbao laini, wino na karatasi nzuri, ili mwakani tuchape mtaa wetu na barabara mpya inayojengwa.

Tunaomba kuwasilisha.